Chumvi ya Ndugu wa Chale

Waliosoma wanasema chumvi haina harufu. Waje kwetu Kagunga wanuse. Chumvi ya Uvinza, ile iliyochemshwa kwa moto wa kuni mpaka ikaganda, ikikaa kwenye chungu miaka mingi inanuka moshi, inanuka tope, na kwa mbali inanuka majani makavu iliyofungiwa. Siku aliyofariki baba, mama alinituma nikatoe shuka jipya kwenye kasha lake, na chini ya shuka nikakikuta kichungu cha chumvi hiyo. Kufunua kifuniko tu, harufu ile ikanijaa puani. Nikakaa chini palepale sakafuni, mtu mzima mwenye wajukuu, nikalia kilio cha mtoto.

"Skola! Shuka liko wapi?" mama aliita toka uani. Nilikuwa nimerudi darasa la tatu, na mkono wa baba ulikuwa bado mzima.

Kagunga imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na mpaka wa Burundi uko hapo karibu. Enzi zile gari hatukuliona. Kila kitu kilikuja kwa maji au kwa kichwa cha mtu. Baba alikuwa mchuuzi wa chumvi. Aliifuata Uvinza kwa treni, akaishusha Kigoma, akaipakia kwenye boti mpaka kwetu, na kutoka hapo ikavuka kwenda Burundi kwa mtu mmoja tu, Bukuru. Bukuru alikuwa mrefu, mcheshi, na mwongo wa kutania ambaye sijaona mfano wake. Akija, anaanza kucheka na kusalimia kwa Kirundi tangu ufukweni. "Amahoro, Skola! Umekua hivi, nani amekuruhusu?" Basi siku hiyo tunakula samaki mgebuka wa kukaangwa kwa mawese mpaka mikono inakuwa rangi ya machungwa.

Yeye na baba walikuwa na kovu moja. Kakovu kafupi, juu ya mbavu za kushoto, baba hapa na Bukuru hapohapo. Waliponawa ufukweni bila mashati nilikuwa nayaangalia makovu hayo nikijiuliza, lakini kwetu mtoto haulizi ovyo mambo ya mwili wa baba yake.

Mwaka ule mwalimu wetu alikuwa anatufundisha falme za zamani. Yule mwalimu alijua kusimulia, Mungu amrehemu! Alitueleza habari za Mwami wa Buha na Mwami wa Burundi, na watemi wa Uvinza waliokuwa wakichukua fungu lao kwenye kila mzigo wa chumvi uliotoka kwenye chemchemi zao. Akatueleza kuhusu soko la Ujiji, ambako watu walinunua samaki na mafuta kwa shanga. Na akatueleza kuhusu watu waliovushwa ziwa kwa mitumbwi, wamefungwa shingo kwa miti, wakauzwa hapohapo Ujiji pamoja na pembe za ndovu. "Na wengine," alisema, "walitiwa alama mwilini ili mwenye mali asipotelewe." Mimi nikakumbuka lile kovu.

Jioni hiyohiyo tulicheza ufalme. Mimi ndiye niliyekuwa Mwami, kwa sababu ndoo ya kukalia ilikuwa ya kwetu, na kila aliyetaka kupita na mzigo wake wa mabua aliniachia fungu. Bukuru alikuwa amekuja na maharage, akasimama kututazama, shati begani. Nikamwita kwa sauti ya kifalme.

"Wewe! Hilo kovu ni la nini?"

Akapiga magoti mchangani, uso umekauka kabisa. "Yoo, Mwami wangu, hujaambiwa? Baba yako alininunua kwa chumvi. Mimi ni mali yake."

Watoto wenzangu waliangua kicheko. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilivimba kwa fahari mpaka nikashindwa kula. Baba yangu, mtu wa Kagunga, ana mtumwa wake kama wafalme! Sikumuuliza mtu tena, maana nilishapata jibu kutoka kwa mali yenyewe.

Halafu Burundi ikawaka.

Mtoto hajui vita inaanzaje. Kwangu ilianza mama alipokataza tusichote maji ziwani. Nikaenda kuchungulia kwa nini, nikaona. Alikuwa mwanamke, amelala kifudifudi majini, kitenge kimefunguka kinaelea pembeni yake, na mgongo wake umekatwa mahali pengi. Nyuma yake walikuja wengine. Ziwa lilikuwa linawasukuma polepole mpaka mchangani, na mbwa wa kijiji walikuwa wamekwisha kujua. Wanaume walizika mpaka wakachoka, na tulikaa muda mrefu bila kugusa samaki. Hata leo nikiona kitenge kinaelea wakati wa kufua, nakivuta haraka.

Waliokuwa hai walikuja kwa mitumbwi na kwa milimani, mistari mirefu, mizigo vichwani, watoto wamefungwa mgongoni, wengine vichwa vimefungwa matambara yaliyolowa damu. Nilisimama juu ya kichuguu nikawatazama wakishuka, na nikajua kwa hakika ninachokiona: msafara ule wa hadithi ya mwalimu. Nilitafuta miti ya shingoni sikuiona. Nikamuuliza mama nani anawauza hawa. Alinizaba kofi.

Kijiji kiliwapokea vizuri, nisiwe mchoyo wa maneno. Tuligawana nao muhogo na mawese. Lakini risasi za kule hazikujua mpaka. Askari wa upande wa pili walikuwa wanawafuata wakimbizi majini, na siku moja wakawapiga risasi wavuvi wetu. Mmoja wao alikuwa Petro, mtoto wa kwanza wa baba mdogo Tito, mdogo wake baba tumbo moja. Petro alikuwa amenichongea kasia langu dogo, alikuwa ananibeba mabegani. Walimrudisha kwenye mtumbwi wake mwenyewe, amelala juu ya dagaa. Uso haukuwepo. Baba mdogo Tito hakulia. Aliingia ziwani mpaka kiunoni akauosha ule mtumbwi kwa mikono, akausugua kwa mchanga, akausafisha mpaka jua likatua, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi.

Baada ya hapo watu wakabadilika. Ikaanza minong'ono kwamba miongoni mwa wakimbizi kuna wapelelezi, ndio wanaowaonyesha askari mitumbwi yetu. Mtu mmoja aliyekutwa ufukweni akiangalia upande wa pili, pengine anaangalia alikotoka tu maskini, alizungukwa. Wakampiga kwa makasia. Nilikuwa nimeshika gauni la mama. Nilisikia kasia likivunjika, na kumbe halikuwa kasia. Aliyepiga mara ya mwisho alikuwa baba mdogo, na aliporudi akipita mbele yetu alinishika kichwa kama kawaida yake, "Skola, hujambo?" Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Mama alinipeleka nyumbani akaniosha nywele.

Ni katika siku hizo Bukuru alipokuja, peke yake, hacheki. Alitokea milimani mchana, mguu umevimba, sikio moja limekatwa nusu. Baba alimkuta ameegemea ukuta wa ghala. Wakatazamana.

"Mama watoto?" baba aliuliza.

Bukuru akatikisa kichwa.

"Na watoto?"

Bukuru akaonyesha ziwa kwa kidevu. Baba akamshika mkono akamwingiza kwenye ghala la chumvi, akaufunga mlango, akakaa nje kwenye kigoda. Nilijua sasa baba analinda mali yake. Ilinipendeza. Nilifikiri ndivyo wanavyofanya wenye mali.

Kijiji hakina siri. Kesho yake, watu wanatoka shambani, nikawaona wanakuja. Mbele yao baba mdogo Tito, na panga. Wengine walikuwa na makasia na mawe. Mama alinivutia jikoni, lakini jiko letu lilikuwa la miti, nikatazama katikati ya miti.

Baba mdogo alisimama mbele ya kaka yake. "Shikamoo, kaka."

Ndiyo, alimwamkia. Mpaka leo amkio lile linanitia baridi kuliko panga.

"Marahaba. Umekuja na panga kunisalimia?"

"Nimemfuata Mrundi wako."

"Ni mgeni wangu."

"Petro alikuwa nani wako?"

"Petro alikuwa mwanangu."

"Basi nipe huyo. Mmoja kwa mmoja. Sikuombi zaidi."

"Tito, huyu hakumuua Petro. Waliomuua Petro ndio waliommalizia wanawe."

"Sitaki hadithi, kaka! Toka mlangoni!"

Baba akaanza kufungua vifungo vya shati. Kimoja kimoja, bila haraka, mpaka kovu likaonekana. "Unaijua hii chale. Tulipochanjana, kuku wa kiapo ulimshika wewe kwa mkono wako mwenyewe. Ulisikia tulichoapa. Atakayemwaga damu ya Bukuru amemwaga yangu. Sasa ukitaka damu, anza na iliyo karibu."

Watu wakaguna. Baba mdogo machozi yalikuwa yanamtoka sasa, machozi ambayo hakuyatoa kwa Petro. Panga likainuka. Na mimi, mtoto wa darasa la tatu niliyefundishwa falme na biashara zake, nikachomoka jikoni nikipiga kelele:

"Baba, mpe tu! Mpe! Utanunua mwingine!"

Mtu mmoja nyuma ya kundi akacheka, kicheko kibaya. Na mlango wa ghala ukafunguka. Bukuru alitoka akichechemea, nywele na mabega vimejaa chumvi, akanitazama mimi kwanza. Halafu akamwambia baba, "Mtoto kasema kweli, ndugu yangu. Nitoe tu."

Baba mdogo aliruka. Panga lilishuka kichwani kwa Bukuru, na baba akaweka mkono wa kushoto katikati. Sauti yake nilikuwa naijua, ni sauti ya kukata mgomba. Mkono ulibaki unaning'inia kwa ngozi. Damu iliruka ikafika kwenye gauni langu, na baba akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akisema, "Haya, Tito. Haya. Umeipata." Baba mdogo akaliachia panga. Akajishika kichwa akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa binadamu, akakimbilia ziwani. Wale wengine walitawanyika mmojammoja, mawe wakayaweka chini taratibu wasisikike.

Bukuru alivua shati akaufunga ule mkono juu ya kiwiko, akakaza kwa kijiti. Tulisafiri kwa boti mpaka Kigoma, na njia nzima alikuwa ameuinua mkono wa baba, hakuushusha hata alipotapika. Hospitali waliukata. Walipomuuliza baba nini kimetokea alisema ajali ya shambani, na hakuna aliyemtoa hapo, si daktari wala polisi.

Mimi niliachwa nimlindie maji ya kunywa. Alipopata nafuu ya kusema, aliniuliza kwa upole, "Skola, nani alikwambia Bukuru nilimnunua?"

"Yeye mwenyewe. Kwa chumvi."

Baba alicheka mpaka kidonda kikamuuma, akalaani, akacheka tena. "Huyu mjinga! Utani wake utakuja kumuua." Kisha kicheko kikamwisha. Akatazama dari. "Lakini hukukosea sana, mwanangu. Zamani tuliwauza kweli."

Akanisimulia. Babu wa babu yake alikuwa mtu wa chumvi, kama sisi. Wakati huo ukitoka nchi ya Mwami huyu kuingia ya Mwami yule, mzigo wako na kichwa chako ni vya atakayekuwahi. Ulihitaji nyumba ya kukupokea upande wa pili, na nyumba iliyompokea babu ilikuwa ya wazee wake Bukuru. Walimlisha, walimlaza. Msimu mmoja chumvi ilikuwa chache, na babu alitaka nguo na shanga kutoka Ujiji kama wenzake. Basi akamwomba mwenyeji wake kijana wa kumsindikiza, akapewa mtoto wa nyumba. Akamfikisha Ujiji, akamuuza. Aliporudi alikuwa amevaa nguo nyeupe.

"Yule mtoto akarudi?" niliuliza.

"Harudi mtu, Skola."

Watu wa nyumba ile walikuja na mikuki. Wakaua kwetu, sisi tukaenda tukaua kwao, nyumba zikachomwa pande zote mbili, mpaka chumvi ikaacha kuvuka na watu wakala chakula chapwa. Mwishowe wazee walikaa. Wakakubaliana kwamba kila kizazi, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao watachanjana chale, watie chumvi kwenye damu, kila mmoja arambe ya mwenzake. Huyo ndiye ndugu wa chale, na nyumba yetu iliapa kwamba haitamtoa tena mtu wa nyumba ile. Kwa bei yoyote.

Nilifikiri sana. Halafu nikauliza lile lililobaki. "Hata bei ya Petro?"

Baba aligeuza uso ukutani.

Bukuru alipelekwa kambini na wakimbizi wenzake, na baada ya miaka akapata kishamba Simbo, upande wa Kigoma, akaoa tena. Baba alibaki na mkono mmoja, magunia akafunga mama. Baba mdogo Tito alihamia mwisho wa kijiji. Hakuwahi kukanyaga uani kwetu wala kunywa maji yetu, na sisi hatukumkaribisha. Baba akikutana naye njiani alikuwa anamwitikia shikamoo yake, basi. Mimi sikumwamkia tena. Mnaoniona mbaya, mmeshawahi kumfunga baba yenu vifungo vya shati kila asubuhi?

Na Bukuru, kila alipokuja kututembelea, utani wake haukufa. Anabisha hodi: "Mwami wangu, mali yako imefika!" Nilipokuwa msichana nilikuwa natamani ardhi inimeze. Nilipokuwa mke wa mtu nikazoea. Nilipozeeka kidogo nikawa nausubiri.

Kwenye msiba wa baba alishuka kwenye boti la Kigoma akishikwa na wajukuu, mzee kabisa, sikio lake nusu. Hakubisha hodi kwa utani. Aliingia ndani, akafungua shati lake, akaufunua ubavu wa baba, akaweka kovu juu ya kovu, akalala hivyo kwa muda. Hakuna aliyemwondoa.

Kabla ya kumtoa maiti, desturi ya nyumba yetu ni kwamba mtoto wa kwanza anachukua chumvi ya chale, ile ya kwenye kichungu, na kumtilia kila mtu wa nyumba kiganjani. Anayeiramba amepatana na marehemu. Mtoto wa kwanza ni mimi. Nilianza na Bukuru, kama inavyotakiwa, nikampa mama, nikawapa wadogo zangu, nikawa nazunguka. Nikafika mlangoni pa ua, nikamkuta baba mdogo Tito ameingia. Ameshika fimbo, mgongo umepinda, kiganja amekitanguliza mbele, kitupu.

Nilimpita. Sikubabaika. Nilimpita kama mtu anavyopita nguzo, nikampa chumvi jirani aliyekuwa nyuma yake, mtu hata si wa nyumba yetu. Ua mzima uliona.

Nikasikia fimbo nyingine ikigonga chini nyuma yangu. Alikuwa Bukuru, hajairamba chumvi yake. Alikuja nayo kiganjani hatua kwa hatua, akasimama mbele ya yule aliyetaka kumpasua kichwa. Nikamwambia Bukuru, "Baba, usifanye hivyo," maana baada ya kifo kile yeye ndiye baba niliyebaki naye.

"Mwami wangu," alisema bila kugeuka, "aliyekuwa anauzwa siku ile ni mimi. Bei naijua mimi." Akagawa chumvi kwa kidole, nusu akaitia kwenye kiganja cha baba mdogo. "Tito. Wangu na wako wote wameishia ziwani. Ramba."

Baba mdogo aliitupia mdomoni yote kwa pamoja. Ikampalia. Akakohoa, akakohoa, akainama ameshika magoti, uso umemwiva, na ua mzima umejaa watu na hakuna anayenyanyuka, kwa sababu kila mtu alijua mzee yule hapewi maji kwetu. Mama alinitazama.

Nikaenda. Nilienda kwa hasira, sisemi uongo. Nikachota maji mtungini kwa kikombe cha baba, nikampelekea. Alikunywa yote mpaka mwisho, akapumua. Kisha akanirudishia kikombe kwa heshima, kwa mikono yake yote miwili.